Mahali Kitovu Kilipoangukia

Kabla sijajua kuhesabu ng'ombe wa baba, nilijua kwamba mimi ni mbovu. Shangazi yangu ndiye aliyenipa habari hiyo, na hakunipa kwa siri. Alikuwa ameolewa Nzega mjini na mfanyabiashara wa mpunga, na kila alipokuja kwetu, kijiji kimoja upande wa Choma, alishuka kwenye basi na pipi za watoto wote. Tulipanga mstari, tukapokea kwa mikono miwili. Alipofika kwangu aligeuka kwa wageni waliokuwapo, akasema, "Huyu ndiye yule aliyeangukiwa." Wageni walinitazama chini ya kiuno, wakaguna, wakaendelea na mazungumzo yao. Mimi nilikula pipi yangu.

Kwa asiyejua, nieleze. Mtoto akizaliwa kitovu hukatwa, kinabaki kipande tumboni kinachokauka mpaka kidondoke chenyewe. Akiwa wa kike, na kidondoke kinapotaka. Akiwa wa kiume, wanawake hukilinda kuliko wanavyolinda mboga jikoni paka akiwa ndani, maana kikimwangukia penye uume, basi kwisha habari: jogoo wake hatawika maisha yake yote. Ndivyo wanavyoamini kwetu, na si kwetu tu, wala si wasiosoma tu. Changu kiliniangukia. Mama yangu, kwa maelezo ya shangazi, alikuwa ananiogesha huku anasinzia, na shangazi, aliyekuwa bado anaishi kwetu, hajaolewa, aliingia chumbani akakuta balaa limeshatokea.

Mama hakuwahi kukanusha. Hadithi hiyo ilisimuliwa mbele yake mara nyingi, wakati mwingine yeye mwenyewe akiwa anawapakulia chakula wasimuliaji, na hakuwahi kusema neno. Aliinamisha uso, akaongeza mchuzi. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni aibu ya mtu aliyekosa, nami nikamchukia kidogo, jinsi mtoto anavyoweza kumchukia mtu anayempenda.

Baba hakumpiga kwa ajili hiyo. Alifanya la kistaarabu zaidi: alioa. Waliofuata baada yangu walikuwa wasichana watupu, na baba alitaka mtoto wa kiume mzima, kama mtu aliyeuziwa jembe lenye ufa anavyorudi dukani. Mke mdogo akampa wavulana. Vitovu vyao vilisimamiwa na shangazi mwenyewe, aliyekuja kutoka Nzega kwa kila mmoja wao na kukaa mpaka kidondoke. Bibi yetu alikuwa amefariki kabla mama hajaolewa, kwa hiyo mambo yote ya uzazi katika nyumba yetu yalikuwa mikononi mwa shangazi, na mikono hiyo ilisifiwa sana. Mama alikuwa anachota maji na kuyachemsha. Kumshika mtoto hakuruhusiwa. Hata majirani, alipokwenda kumwona mzazi, walimkaribisha kwa maneno matamu na kumwekea kigoda karibu na mlango, mbali na kitanda.

Nilichunga na wavulana wa kijiji, na wavulana hawana huruma. Tulipooga lamboni walinizunguka kukagua. Mmoja alitoa rai kwamba nivae gauni nikachote maji na dada zangu. Nilimvunja jino, nikachapwa na baba, na kesho yake wakanikagua tena. Zikaja dawa. Shangazi alileta mizizi, nikanywa uji mchungu mpaka nikatapika. Alimleta mzee mmoja, akanichanja chale chini ya kitovu na kusugua unga mweusi, huku shangazi amenishika mabega na kunibembeleza, "Vumilia, baba, tunakutengeneza. Mama yako amekuharibu, sisi tunakutengeneza." Mama alikuwa nje, anapepeta mtama. Chale hizo ninazo mpaka leo.

Nilipobalehe, mwili wenyewe ulianza kusimama upande wangu. Niligundua asubuhi moja kwamba jogoo anawika vizuri tu, tena bila kuulizwa. Lakini ushahidi wa namna hiyo unaupeleka wapi? Haupelekwi barazani. Nilikaa nao peke yangu kama mtu aliyeokota kitu cha thamani asichoweza kukionyesha bila kuulizwa alikitoa wapi.

Wadogo zangu wa mke mdogo walipofikia umri walitolewa ng'ombe wakaoa. Ilipofika zamu yangu baba alikohoa. Alisema ng'ombe si wa kupeleka kwa watu halafu binti wao akarudi kwao baada ya mwaka mmoja na siri yetu kinywani. Sikubishana naye. Nikaenda Tabora mjini kujifunza useremala. Karakana yetu iko kwenye barabara ambayo zamani wapagazi wa misafara walipita na pembe za ndovu. Wageni huja kuipiga picha, sisi tunaipitishia mbao za mninga. Nilijifunza vitanda kwanza. Hakuna kazi nzuri kama kitanda kwa mtu ambaye kijiji kizima kinajiuliza kama atakitumia.

Mke wangu nilimpata Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, nilipopelekwa kutengeneza mabenchi ya kanisa. Amezaliwa hapo, na wazazi wake wamezaliwa hapo. Waliotoka Burundi ni babu zake. Kwa shangazi alikuwa mkimbizi tu. Nilimweleza yote kabla hatujafunga ndoa, kuhusu kitovu na mama na chale. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na wewe unaamini?" Nikamwambia siamini. Akasema tutaona. Nilimpenda kwa hilo.

Mimba ilichelewa. Haikuchelewa sana, lakini kwa mtu kama mimi kila mwezi ulikuwa kesi. Simu za nyumbani zilikuja na salamu ndefu na swali moja mwishoni. Basi mke wangu aliponiambia, nilikaa chini kwenye vumbi la mbao nikalia kama mtoto, na mtu wa kwanza niliyemfikiria hakuwa mtoto wala mke wangu. Nilimfikiria mama. Niliona kwamba sasa ameachiliwa. Mimba hii ingemtoa kwenye kile kigoda cha mlangoni na kumpeleka kitandani kwa waliojifungua, akae pamoja na wanawake wenzake.

Nikampigia. Alinitaka nirudie habari hiyo mara mbili. Halafu akauliza, "Shangazi yako anajua?"

Shangazi alijua kabla ya jioni, na kabla ya kesho yake kijiji kizima kilijua alichosema: "Muulizeni huyo mkimbizi, mimba ni ya nani." Ikawa ndiyo tafsiri. Mtu aliyeangukiwa hawezi kutia mimba, mimba ipo, basi si yake. Hesabu rahisi, hata mtoto wa chekechea angeijibu. Mama hakuachiliwa. Kilichofanyika ni kwamba mke wangu naye aliongezwa kwenye kundi la wanawake walioniharibia maisha.

Nilikwenda naye kliniki kila mara, kwa ukaidi, watu wanione. Siku moja muuguzi alitugeuzia kioo cha kipimo tukaona wenyewe. Alionyesha kwa kidole: hili ni kondo, limejishika juu, mahali pazuri, na hiki ni kitovu, kinatoka kwenye kondo kwenda kwa mtoto, chakula chake na pumzi yake vyote vinapita humu. Kilikuwa kimejisokota kama kamba ya kufungia ndama. Kilikuwa kinapiga. Mke wangu alicheka kwa furaha. Mimi nilishikwa na hasira palepale kwenye kile kiti. Kitu hiki kinamlisha mtu miezi yote hiyo gizani, hakidai hata asante, na hakuna mtu wa kwetu anayekizungumzia. Kikishakatwa, kikishakufa, kikishakuwa kipande kikavu kisichofaa hata kutupiwa kuku, hapo ndipo wanapokikusanyikia na kukipa mamlaka ya kumhukumu mtu na mama yake.

Alizaliwa mtoto wa kiume, hospitalini, salama. Tulikuwa hata hatujamaliza kukunja nguo za hospitali, shangazi akafika nyumbani kwetu na mabegi yake. Mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba huogeshwa na shangazi wa baba yake, ndiyo desturi. Au alikuja kukagua sura. Mama alikuja naye, amebeba mzigo mkubwa zaidi.

"Shikamoo shangazi," nilimsalimia.

"Marahaba, baba. Mlete tumwone." Alimfungua, akamgeuza huku na huku kama anayechagua nyanya. Mtoto alikuwa na masikio ya baba yangu, yaliyosimama kama vipini vya sufuria. Hata kipofu angeyapapasa akajua. Shangazi aliyavuta kidogo. "Masikio kama ya nyumbani," akasema. "Lakini masikio yanafanana tu siku hizi." Kisha akauliza kondo liko wapi. Tulipomwambia limebaki kwenye shimo la hospitali alisonya. Kwao Nzega, alisema, la mtoto wa kwanza haliachwi likalala na ya watu wasiojulikana.

Akaishika nyumba. Mama alichemsha maji, alipepea moto, alifua nepi. Mke wangu alikandwa na kunyweshwa uji na kuambiwa alale. Kila shangazi alipoogesha, mama alileta beseni mpaka kwenye mkeka, akaliweka, akarudi nyuma hatua kadhaa na kukaa karibu na mlango. Hapakuwa na mtu aliyemwambia akae pale. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Safari ya kwanza alipokaribia, shangazi alikuwa amesema, "Wifi, mikono yako tunaijua," na akacheka ili tujue ni utani. Sikucheka.

Siku moja asubuhi nilikuwa uani, natengeneza kitanda cha mtoto, mlango wa chumba uko wazi. Nilisikia mke wangu akisema, "Shangazi, leo naomba nimwogeshe mwenyewe. Nina nguvu."

"Hapana. Mzazi wa kwanza haogeshi."

"Kwa nini?"

"Nyie mmezaliana makambini, hamjui taratibu. Katika nyumba yetu mkamwana akijifungua mtoto wa kwanza hagusi beseni mpaka kitovu kidondoke. Anakandwa, anakunywa uji, analala. Mzazi kuogesha mwenyewe haijawahi kutokea. Muulize mama mkwe wako huyo hapo. Wifi, wewe uligusa beseni?"

"Sikugusa, wifi," mama akajibu, kwa sauti ileile anayoitikia salamu.

Niliacha randa juu ya ubao. Nilihisi kuna kitu kimepita mbele yangu, lakini sikukikamata haraka. Nilikuwa nimeishi ndani ya hadithi ile muda mrefu mno. Aliyekikamata ni mke wangu, ambaye hakulelewa na woga wetu.

"Basi mume wangu," akauliza, "aliogeshwa na nani?"

Nikaingia. Shangazi alikuwa amempakata mtoto juu ya beseni, kiganja kimoja kikiwa kwenye kile kipande cheusi cha kitovu kama kawaida yake. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye kiwiko chake. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya shangazi ilikuwa ndefu kuliko reli ya Kigoma, na ilikuwa imefika mwisho kwenye mkeka wangu, kwa kinywa chake mwenyewe, kwa sababu ya kutaka kumfundisha mkimbizi adabu.

"Shangazi," nikasema, "jibu."

Nilitegemea alie. Nilitegemea akane, au aanguke, au amshike mama miguu. Alimfuta mtoto kwanza, taratibu, akamkunja kwenye khanga, halafu akanitazama usoni bila woga wowote.

"Nilikuwa msichana," akasema. "Nilikuwa bado sijaolewa. Kilidondoka nikiwa nampaka sabuni, hata sikukiona. Nani angetoa ng'ombe kwa msichana mwenye mkono wa namna hiyo? Yeye alikuwa ameshaolewa, mahari yake ilikuwa imeshaliwa. Yeye alikuwa apoteze nini?"

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia mwanamke yule dakika ile, na kilichonichoma zaidi ni kwamba alikuwa anaeleza jambo ambalo kwake lilikuwa na akili. Alikuwa anatusubiri tukubaliane naye. Nikamgeukia mama.

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa kitandani. Niliona."

"Na ukanyamaza?"

"Ningemwambia nani? Baba yako ni kaka yake. Ningerudishwa kwetu." Alikuwa anaongea akitazama beseni. "Ningerudishwa peke yangu. Wewe ungebaki, mtoto ni wa kwao. Na yeye ndiye angekulea."

 Mke wangu alikuwa analia waziwazi, kamasi na machozi. Nikamwambia shangazi ampe mama mtoto. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona akitii: alinyoosha mikono, mtoto amelala juu yake, akamwelekezea mama pale mlangoni.

Mama aliificha mikono yake chini ya khanga aliyojitanda mwenyewe.

"Hapana," akasema. "Bado hakijadondoka."

"Mama, hukuwa wewe! Umesikia mwenyewe. Hukuwa wewe."

"Najua sikuwa mimi, mwanangu. Nilikuwepo."

"Sasa unaogopa nini?"

"Mikono hii imesemwa sana," akasema. "Mimi siijui tena." Akasimama, akachukua beseni, akaenda kumwaga maji.

Nilimpeleka shangazi stendi siku hiyohiyo. Mama ndiye aliyemfungia chakula cha njiani, sikuweza kumzuia. Tukiwa tunasubiri basi la Nzega, shangazi aliniomba nisimwambie baba, kwa sababu baba sasa ni mzee na moyo wake si mzuri. Nilitoa simu nikampigia baba palepale, amesimama pembeni yangu na begi lake, nikamweleza kila kitu kwa sauti kubwa mpaka wapiga debe wakanyamaza kusikiliza. Baba alisikiliza. Alikohoa.

"Hayo ni mambo ya wanawake," akasema. "Sasa mnataka nifanyeje, nimrudishe mke mdogo kwao?" Kisha akauliza kama ni kweli mtoto ana masikio yake. Nikakata simu. Shangazi alipanda basi, akakaa dirishani, akanipungia mkono kama mtu aliyekuja kutembea tu.

Mke wangu aliogesha mwenyewe baada ya hapo, na mama aliendelea kuleta beseni na kurudi mlangoni. Tulimbembeleza, tulimkasirikia, mke wangu alijifanya amechoka ili asaidiwe. Haikusaidia kitu. Aliimba akiwa kulekule mbali, nyimbo za Kisukuma za kubembelezea ambazo aliniimbia mimi, na mtoto aligeuza kichwa kuitafuta sauti.

Kisha asubuhi moja mke wangu aliniita chumbani kwa sauti ya chini. Alikuwa amefungua nepi. Kitovu kilikuwa kimeachia kikiwa ndani, kikavu, kidogo, kama ganda la karanga. Kilikuwa kwenye mkunjo wa kitambaa. Kiliangukia wapi kwanza, kikabingirika vipi mtoto alipokuwa anarusha miguu, hakuna aliyeona na hakuna atakayejua kamwe. Tulitazamana. Mama alikuwa ameshasimama.

"Kimedondoka?"

"Kimedondoka, mama."

"Kimeangukia wapi?"

"Pembeni," nikasema. "Kwenye shuka."

"Mmeona kwa macho?"

"Tumeona," mke wangu akasema. "Wote wawili."

Mama alinyoosha mikono mbele, akaomba amiminiwe maji. Alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akajifuta vizuri, akaja akakaa kwenye mkeka na kunyoosha miguu. Mke wangu akamlaza mjukuu mapajani pake. Nilisimama kumtazama mama yangu akimpokea mtu ambaye hakuna aliyeweza tena kumkataza kumshika, na moyo wangu ulikuwa umejaa. Mtoto alikuwa anamkodolea macho.

Mama hakumtazama usoni. Alimfungua nepi kwanza, akainama karibu kabisa, akaanza kumkagua.